Mtoto Aliyeandikwa Hana Mama

Habari za kifo chake zilinikuta Kibirizi, asubuhi, nikiwa katika mabishano yangu ya kawaida na mama mmoja muuza dagaa kuhusu beseni ambalo yeye aliliona limejaa na mimi nililiona bado lina nafasi. Simu yake iliita. Alisikiliza, akasema "Innalillahi" kwa sauti ndogo, kisha akanigeukia. "Mzee, yule dada wa kompyuta, wa Ujiji, amefariki. Wanazika leo alasiri." Mabishano yakaishia hapo. Nilijua alikuwa mgonjwa, figo zilikuwa zikimsumbua tangu mwaka jana, na mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amepungua kiasi cha kunitia hofu. Hata hivyo moyo haukuwa tayari. Hakuwa hata amefika umri wa kuitwa bibi. Niliondoka bila dagaa.

Mazikoni watu walikuwa wengi: wanafunzi wake, majirani, wafanyabiashara aliowatengenezea mifumo yao. Nilisimama nyuma kwa sababu ya magoti yangu, na huko nyuma ndiko watu husema yaliyo moyoni. Bwana mmoja mwenye shati la ofisini alimwuliza mwenzake, "Huyu si ndiye aliyefukuzwa kwa kuchezea kompyuta za wakimbizi?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Wanasema alibadilisha taarifa za marehemu." Wakatikisa vichwa. Ningeweza kuwajibu palepale, lakini udongo ulikuwa unatupiwa kaburini, na huo si wakati wa kumshikisha mtu adabu. Nimerudi nyumbani na hasira yangu, na ninyi mnaoisoma safu hii mnajua hasira yangu ina mahali pamoja tu pa kwenda. Hapa hatutaji majina ya watu, na leo pia sitayataja. Lakini nitaeleza ni kitu gani alikibadilisha, na kwa nini.

Nilimfahamu darasani. Msicheke. Miaka hiyo kijana mmoja kutoka Dar es Salaam alifungua darasa la jioni pale Mwanga, juu ya duka la nyavu, akatangaza kwamba anafundisha kusanifu na kutengeneza mifumo ya taasisi, ile inayofanya kazi kwenye mtandao. Mimi nilikuwa nimechoshwa na ofisi zetu ambako ukiulizia faili unaambiwa limehamia meza nyingine, na ukienda meza hiyo unaambiwa mwenye meza yuko msibani, nikataka kuona huo ukombozi unatengenezwaje. Nilikuwa mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo. Marehemu wetu alikuwa karani wa duka la vipuri, binti wa Ujiji, katika zile koo za Wamanyema ambao mababu zao walivuka ziwa zamani sana, na leo ukiwaambia walitoka Kongo wanakuuliza wewe ulifika lini. Alivuta kiti pembeni yangu akasema, "Shikamoo, Mzee," na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "Muha na kompyuta wapi na wapi?" Nikamjibu kwamba tumekuja kuzilinda, maana watu wa Ujiji wakiachiwa kompyuta watazipangisha vyumba. Tukawa marafiki kuanzia hapo.

Mwalimu wetu alikuwa na visa vyake. Alitaka tuseme "kompyuta mpakato" wakati darasa zima, naye akisahau, lilisema laptopu. Lakini alikuwa na kanuni moja ambayo naiheshimu mpaka leo: hakuna kuwasha mashine kabla ya kuchora kwenye karatasi nani atautumia mfumo, ataona nini, na ataruhusiwa kubadilisha nini. Alisema mfumo wa taasisi si ukurasa wa kupendezesha macho. Ni ofisi nzima imehamishiwa ndani ya kivinjari, ina mapokezi yake, ina masijala, ina bosi, na ina milango inayofungwa. Akatufundisha hifadhidata, yaani ghala ambamo kila taarifa ina rafu yake. Kisha akatufundisha masharti, ambayo ni amri fundi anazoiachia mashine ili ikatae kitu kisicho sahihi hata kama fundi mwenyewe hayupo. Mtu akiandika kwamba atazaliwa mwakani, mashine imkatalie. Hapo kwenye masharti ndipo nilipoanza kuachwa na basi, na ndipo yeye alipoanza kuonekana.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kubuni mfumo wa mfanyabiashara wa dagaa. Wengine tulikimbilia rangi. Mmoja alihangaika juma zima na picha ya samaki anayeruka juu ya ukurasa. Binti wa Ujiji alikwenda Kibirizi, akakaa na wanawake wanaoanika, akawauliza maswali mpaka wakamtania kwamba anatafuta mchumba. Mfumo wake ulipokuja, ulijua kwamba dagaa wabichi huuzwa kwa beseni na wakavu kwa gunia, na ulikuwa na mahali pa kuandika kwamba mvua imenyesha. Mwalimu aliuliza mvua inahusiana nini na hesabu za ghala. Akamwambia, "Mwalimu, dagaa wakinyeshewa wakiwa kwenye mchanga hawawi tena chakula cha watu, wanakuwa chakula cha kuku. Usipoiandika hiyo mvua, jioni mfumo unasema una mali na wewe huna." Mwalimu alifurahi, akafuta mchoro wake ubaoni, tukaanza upya kwa mchoro wa yule binti. Mimi niliacha darasa baada ya muda, macho yangu yakiwa kisingizio na kichwa kikiwa sababu. Yeye alimaliza, akaacha duka la vipuri, akaweka kibao cha fundi wa mifumo mlangoni kwao Ujiji.

Ndipo ikaja miaka ya wakimbizi. Sisi wa Kigoma tukitaja miaka ya wakimbizi inatubidi tufafanue ni ipi, maana tumejaliwa mingi. Nazungumzia ile ambayo watu kutoka Burundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, mpaka ufukweni hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Walitolewa kule kwa meli na maboti, wakaletwa mjini, kisha magari yakawapeleka makambini. Nilikwenda kuwaona wakishuka. Sikuwahi kuona watu wengi kiasi kile wakiwa kimya kiasi kile, na watoto wamebeba vitu visivyo na maana, sufuria bila mfuniko, kiti kimoja, kuku amekwisha kufa. Shirika moja lililokuwa likiwahudumia lilitaka mfumo wa kuandikisha kaya, ili anayeandikishwa hapa aonekane na wa kambini, wa chakula na wa tiba. Lilihitaji fundi aliye karibu na anayeweza kufanya haraka. Wakamchukua yeye. Ujiji nzima ilijua, mama yake alihakikisha.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana hapa ndipo kila kitu kilipoharibika, na kiliharibika bila mtu mbaya. Waraka aliopewa ulimtaka azuie watu wasio na uhusiano wasijiandikishe kama kaya moja ili kujiongezea mgawo. Aliomba aende Kagunga akakae na watu kama alivyokaa na waanikaji wa dagaa. Akaambiwa hakuna nafasi kwenye boti, hakuna muda, yote anayohitaji yamo kwenye waraka. Basi akakaa chumbani kwake Ujiji akajiuliza: mashine itajuaje kwamba watoto hawa ni wa nyumba moja? Jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Kwao, na kwa jirani zao wote, mtoto ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Mama anaweza kuwa na ukoo wake mwingine, huyo alimsamehe, lakini watoto wa nyumba moja, kuanzia kifungua mimba mpaka kitinda mimba, jina la mwisho ni moja. Akaliweka hilo kuwa sharti. Akaujaribu mfumo kwa majina ya ndugu zake mwenyewe, wajomba na binamu na watoto wao, nyumba baada ya nyumba, na mfumo ukawapokea wote bila kosa. Alinipigia simu kunieleza jinsi ulivyokuwa mzuri.

Hakunieleza sharti, na mimi nisingelielewa. Lakini kama mtu angeniuliza tu, bila kompyuta yoyote, kama ndugu wa tumbo moja lazima walingane majina, ningecheka. Kwa watu wa Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, linalosema hali ya nyumba siku alipozaliwa, na halimfuati mdogo wake. Hata kwetu Buha wazee walifanya hivyo. Mimi na marehemu kaka yangu tulipoandikishwa shule, mwalimu alidhani mmoja wetu ameokotwa, akatupeleka nyumbani kumwuliza mama ni yupi. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye waraka kwa sababu anayeyajua haoni kama ni ya kuandikwa, na asiyeyajua hajui kwamba kuna kitu cha kuuliza. Yule aliyeikumbuka mvua hakuweza kulikumbuka hili, maana mvua alionyeshwa na wenyewe na hapa alizuiwa kuwafikia wenyewe.

Pale uandikishaji ulipofanyika kulikuwa na jua, foleni, na makarani vijana waliokuwa hawajala. Akaja mama mmoja, mume hayupo, mtoto wa kiume mchanga mgongoni na msichana wa umri wa kuanza shule amemshika nguo. Karani akaanza na huyu wa mgongoni, mashine ikapokea. Akaandika wa pili, mashine ikatoa maandishi mekundu: mtoto huyu si wa kaya hii. Akafuta, akaandika tena, mashine ikakataa tena. Nyuma watu walikuwa wanaanguka kwa kiu. Makarani walikuwa wamekwisha kugundua njia ya kupita: ukichagua pale palipoandikwa kwamba mtoto amefika peke yake, mfumo haukuulizi zaidi na foleni inasogea. Wakachagua hapo. Watoto waliofika peke yao walikuwa na gari lao na walezi wao, jambo zuri lenyewe. Mama akaambiwa asiwe na wasiwasi, binti yake atamkuta mbele. Gari lake likaenda kambi moja, gari la binti likaenda kambi nyingine.

Kila siku mama yule alikwenda kwenye meza ya taarifa. Karani wa huko alifungua kompyuta, akamwonyesha. "Mama, hapa una mtoto mmoja, na huyo umembeba." Mama akasema, "Umwana wanje, mwanangu mwingine, yuko wapi? Wa kike." "Mfumo hauonyeshi mtoto wa kike, mama." "Mfumo ndio uliomzaa?" Mama aliporudi tena na tena, watu wa mezani walianza kuambiana kwamba ni yale mambo ya vita, akili imetoka kidogo, wengine hufikia hatua ya kulilia watoto ambao hawakuwahi kuwa nao. Nimeandika sentensi hiyo na nimelazimika kusimama kidogo kabla ya kuendelea.

Karani mmoja mwenye huruma ndiye aliyempigia simu fundi. "Dada, kina mama huku wanalalamika mfumo wako unawanyang'anya watoto." Alimjibu kwamba mfumo uko sawa, waandike majina kwa usahihi. Baadaye maneno yale hayakumpa usingizi, akatafuta gari akaenda kambini mwenyewe. Akakaa chini na mama yule. Haya alinisimulia yeye, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake.

"Mama, watoto wako baba yao ni mmoja?"

"Ni mmoja."

"Sasa mbona majina yao hayafanani?"

Mama alimwangalia kama vile yeye ndiye aliyechanganyikiwa. "Yafanane kwa nini? Yule wa kike nilimzaa nyumba ina amani, nikampa jina la amani. Huyu kazaliwa tunahangaika, nikampa jina la mahangaiko. Ni watu wawili. Utawapa jina moja namna gani?"

Fundi aliomba kompyuta palepale chini ya turubai, akaliondoa sharti, na kuliondoa kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Kisha akaanza kutafuta kila mtoto aliyeandikwa kuwa amefika peke yake huku jina lake likiwa limejaribiwa kwanza kwenye kaya ya mtu. Walikuwa wengi, na nashukuru kusema wengi walirudishwa kwa mama zao. Makarani wanasema zilikuwa siku za kilio kizuri. Lakini taarifa za binti wa mama yule zilipopatikana zilikuwa zimefungwa kama za marehemu. Malaria. Alikuwa na homa tangu kwenye gari. Walezi walifanya walichoweza, wakamzika huko, na kwenye nafasi ya wazazi pameandikwa: hakuna.

Shirika lilitaka wataalamu wa ushauri waende kumwambia mama. Fundi alikataa, akaenda mwenyewe, akakaa tena kwenye mkeka uleule. Mama hakupiga kelele. Aliuliza, "Nani alimwosha?" Fundi akasema hajui. "Nani alimwita jina lake alipokuwa anakata roho?" Akasema hajui. Mama akasema anataka kwenda kwenye kaburi la mwanawe, hilo tu, halafu hatamsumbua mtu tena. Sasa hapa ndipo mnapaswa kuelewa ulimwengu tulioutengeneza. Mkimbizi hatoki kambi moja kwenda nyingine bila kibali. Kibali cha kwenda kaburini alipewa ndugu wa marehemu, na ndugu wa marehemu ni yule ambaye mfumo unamjua. Mfumo ulisema mtoto yule hakuwa na ndugu. Na taarifa za aliyekufa zilikuwa zimefungwa zisibadilishwe na yeyote, ili watu wasije wakawafufua marehemu kula mgawo wao. Sharti hilo pia aliliweka yeye, kwa kuagizwa, na alilifunga vizuri kwa sababu alikuwa fundi mzuri.

Alifuata utaratibu. Aliandika maombi, akaambatanisha maelezo ya mama, ya karani, na yake mwenyewe akikiri kwamba kosa lilikuwa la mfumo. Maombi yakapanda ngazi zote mpaka yakafika kwa watu ambao hawajawahi kuliona ziwa letu. Jibu lilirudi likiwa fupi na lenye adabu: uhusiano haujathibitishwa, majina ya watoto hayalingani. Aliposoma hilo, aliniambia, alicheka. Alicheka peke yake ofisini mpaka wenzake wakaogopa, na kicheko kilipokwisha akavuta kiti mbele ya kompyuta. Mkuu wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitoka mlangoni kwake akamwambia, "Ukifungua hiyo taarifa umejifukuza kazi mwenyewe." Akamjibu, "Hii nimeifunga mimi, bosi. Acha niifungue mimi." Akaifungua, mchana kweupe, watu wanaangalia. Kwenye nafasi ya mzazi akaandika jina la mama. Kwa kuwa mfumo ulihifadhi pia jina la kila anayegusa taarifa, jina lake likabaki pale, na hakujaribu kulifuta. Huko ndiko kuchezea kompyuta za wakimbizi. Huko ndiko kubadilisha taarifa za marehemu, ndugu yangu wa shati la ofisini.

Alifukuzwa kabla ya jua kuzama, lakini kibali kilikuwa kimekwisha kutoka na afisa wa kambi alikitia saini, nadhani kwa makusudi, bila kuuliza lolote. Kazi za mashirika hakuzipata tena. Alirudi Ujiji akafundisha, chumba kidogo, kompyuta za mitumba, na wanafunzi wake wengi leo wako kwenye ofisi ambazo mimi na wewe tunazitegemea. Hakuwahi kujisamehe. Nilipomwambia kwamba kosa lile lilikuwa la waraka, la haraka, la boti kukosa nafasi, la kila mtu, aliniambia, "Mzee, kila mtu hakuandika lile sharti. Niliandika mimi." Wanafunzi waliomfahamu wanasema alikuwa mkali kwenye jambo moja tu. Mtu akimletea mfumo akautangaza umekamilika, hakuuliza unafanya nini. Aliuliza unamkataa nani, na huyo aliyekataliwa atakwenda kusimama wapi. Asiyekuwa na jibu alirudishwa mtaani akatafute.

Siku hizi kila mahali ni mfumo. Zahanati mfumo, pembejeo mfumo, shule mfumo, hata zizi la kituo cha minada lina mfumo. Mimi si adui wake. Nisingeingia darasani nikiwa na mvi kama ningekuwa adui. Faili haliendi tena msibani. Ila tumejifunza sentensi mpya, na tunaisema kwa urahisi unaoniudhi: mfumo umekataa. Karani anaisema huku akiangalia pembeni, mwananchi anaipokea kama anavyopokea kiangazi, anainama, anarudi nyumbani. Mfumo haujawahi kumkataa mtu. Kuna mtu aliyekaa kwenye kiti, pengine mtu mwema, pengine mwenye haraka, akaamua kwamba nyumba zote zinafanana na nyumba yao. Mtu huyo ana jina na anaweza kuulizwa. Marehemu wetu aliulizwa, akajibu, akalipa, na ndiyo maana nimemwandika leo.

Aliandamana na mama yule kaburini. Walipanda lori la wafanyabiashara wa maharage, wakipokezana mtoto mchanga mapajani. Huko walikuta safu za vilima vidogo vya udongo mwekundu, na mlinzi akawaonyesha kimoja chenye ubao mdogo. Hapakuwa na jina, palikuwa na namba, ile ambayo mfumo ulimpa. Mama alipiga magoti akaondoa majani kwa mikono, taratibu, mpaka udongo ukawa safi. Halafu akamwita mwanawe kwa jina lake, kwa sauti kubwa kama unavyomwita mtoto aliyekwenda mbali kucheza, akamwambia kwamba mama yake amekuja, alichelewa lakini hakumwacha. Fundi alikuwa amesimama nyuma, akiogopa kusogea. Mama akageuka akamwambia, "Na wewe mwite." Fundi aliniambia, "Mzee, nililijua jina lile herufi kwa herufi, nililiona kwenye maandishi mekundu, nililitafuta kambi nzima, nilipoteza kazi kwa ajili yake, na sikuwa nimewahi kulitamka. Nilipofungua mdomo nililitamka vibaya. Mama akanirekebisha, nikarudia, akanirekebisha tena, mpaka nikaweza."

Ninyi mnaojifunza kazi hii ya kutengeneza milango ya watu, anzeni hapo. Ketini chini na wenye majina, mrekebishwe mpaka muweze, wakati watoto wao bado wanaweza kuitika.